Rafiki Yako na Mwenzangu

3 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umeacha kukusumbua, wapishi wenzako wanakutii, na sufuria ile kubwa ya shule haijakuunguza tena. Baba anakusalimu. Alipita hapa wiki iliyopita, akakaa kwenye kiti chetu kimoja, akala, akasema "hm", na kwa baba hiyo ni hotuba nzima.

Mimi mzima. Ukiniuliza kama ndoa ni tamu, nitakwambia kaa chini kwanza. Shangazi, mbona hukuniambia? Miaka yote umenifundisha kusugua vyombo na kujibu wakubwa kwa adabu, hili ukaliruka! Mume wangu (acha nirudie: mume wangu) amepigilia msumari mkubwa nyuma ya mlango kwa ajili ya mkanda wake wa kupandia minara ya simu. Akiwa safarini msumari uko mtupu, nami nikipita naugusa kama mwendawazimu. Akirudi, nasikia kulabu za mkanda zikigongana kwenye ngazi kabla sijauona uso wake, na moyo wangu unapanda juu kuliko mnara wowote aliowahi kuupanda. Chai anachemsha mwenyewe. Anaimba vibaya, tena kwa sauti. Chumba chetu ni kidogo na dirisha linatazama bohari la matairi, lakini mimi naona ni ikulu.

Chuoni naendelea vizuri. Kuchomelea vyuma kumenikaa mkononi. Mwalimu anasema mstari wangu umenyooka kuliko wa wanaume, nao wamenuna. Mtihani wa vitendo ni mwanzoni mwa Julai. Mama mkwe naye ni mtu mwema, ila akija hutazama tumbo langu kwanza, ndipo anasalimu uso.

Sasa shangazi, lipo jambo dogo, wala si langu. Nina rafiki yangu hapa chuoni, ameolewa karibuni kama mimi. Tangu aolewe, siku zake zimevurugika. Zinakuja, zinaondoka, na kabla nguo hazijakauka kwenye kamba zimerudi tena. Mume wake ni mtu wa safari, na mara nyingi akirudi humkuta katika hali hiyo hiyo. Rafiki yangu anaona aibu, anasingizia kichwa. Anaogopa kizazi chake kina kasoro na mume akijua ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe ungemshauri nini?

Ningepiga simu, lakini huko kwenu mtandao unapatikana juu ya tangi la maji tu, na mambo haya hayapigiwi kelele juu ya tangi.

Akupendaye hadi basi,
Cheche wako

21 Februari

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Barua yako imefika ikinukia manukato. Karani wa shule aliyeniletea aliinusa bahasha bila hata kujificha. Nikamwambia imetoka kwa mchumba wangu, sasa shule nzima inajua nina mchumba. Mguu umepona. Sufuria na mimi tumepatana. Mwambie baba yako nami nasema "hm".

Nimeanza kuhesabu "mume wangu" katika barua yako nikachoka njiani. Nimefurahi, mwanangu. Mtunze huyo aimbaye vibaya. Wanaoimba vizuri huwa wanaimbia wengi.

Nimefurahi pia kwamba umepata rafiki, hasa kwa kuwa Desemba uliniandikia kwamba kozi nzima mwanamke ni wewe peke yako. Basi mpe salamu huyo rafiki aliyeshuka kutoka mawinguni akiwa na ovaroli yake.

Mwambie hivi. Damu kuja ovyo si ugonjwa mmoja. Nimeishi na wanawake jikoni, nimeyasikia mengi. Mmoja alikuwa na mimba changa iliyotaka kuharibika. Mwingine alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, akafanyiwa operesheni na leo anabeba magunia. Yupo aliyekutwa na maambukizi, yupo ambaye shida ilikuwa tezi ya shingoni, mtu asingeweza kufikiria. Hata mawazo na kukosa kula huvuruga siku. Kwa hiyo asijihukumu kitandani. Aende zahanati apimwe.

Ila kabla hajaenda anijibu maswali matatu. Anaweza kuwa na mimba? Ana maumivu, homa au uchafu wenye harufu? Na kuna kitu chochote anachomeza au alichodungwa? Hili la mwisho anijibu bila kona. Na siku damu ikimwagika hadi kitambaa hakishiki, au akaona kizunguzungu, asingoje jibu langu. Aende siku hiyo hiyo.

Shangazi yako,
Mama wa masufuria

Nilisahau. Ukipata nafasi nitumie pedi nene, duka la hapa limeishiwa. Si zangu, mimi unajua nilishafunga duka miaka mingi. Ni za mwenzangu wa hapa jikoni.

18 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Mume wangu alikuwa nyumbani, na akiwa nyumbani siku haina saa. Aliniletea jiwe jeupe kutoka juu ya kilima walipokuwa wanajenga mnara. Jiwe tu, shangazi! Nimeliweka juu ya redio na kila mgeni analazimishwa kulishika.

Pedi nimezituma kwa basi la Jumamosi. Mpe pole mwenzako.

Rafiki yangu anakushukuru sana. Anasema mimba hana, alishapima. Homa hana, maumivu ni kidogo, harufu hakuna. Zahanati bado anajipanga kwenda.

Lakini juzi yalimkuta. Walikuwa karakana, mwalimu akamwita mbele aonyeshe jinsi ya kuunganisha pembe za fremu, jaribio lenye alama. Akahisi ovaroli imelowa. Ovaroli zenyewe za kaki, doa linaonekana kama bendera. Akasema mkono umeungua. Akakaa juu ya sanduku la vifaa hadi wanaume wote walipotoka, akafunga koti kiunoni, akarudi nyumbani kwa vichochoro. Alama za jaribio zimepotea, na akikosa lingine hataruhusiwa kufanya mtihani.

Nyumbani mume akamuuliza, "Nini tena?" Akasema kichwa. Mume hakubisha. Alichemsha chai, akaiweka kando ya kitanda, akatoka akakaa kwenye ngazi. Hakuimba. Rafiki yangu anasema ukimya ule ulimuuma kuliko tumbo.

Nisikuchoshe. Tuko wazima, tuna furaha, jiwe linakusalimu.

Wako,
Cheche

2 Aprili

Cheche,

Marahaba. Huku wazima, mvua inapiga bati tunazungumza kwa ishara.

Niliuliza maswali matatu, nikajibiwa mawili. Nimepikia wanafunzi wa bweni tangu hujazaliwa. Mwanafunzi akijibu kila kitu na kuruka jambo moja, hapo najua sukari ilikokwenda.

Rafiki yako asijipange, aende. Na huyo mume wake amfungulie mlango. Mwanaume anayechemsha chai na kukaa ngazini bila kuimba hatafuti kosa. Amefungiwa nje na hajui kwa nini.

Mwenzangu anashukuru kwa pedi. Wapishi wanamtania kwamba ujana umemrudia, maana alikuwa amekauka miaka. Wamemwita bi harusi hadi naye akaanza kufurahi kidogo. Ila anachoka mno. Juzi alikuwa anakoroga, dunia ikamzunguka, akashika ukingo wa meza. Ni joto la jiko tu.

Andika upesi, na ujibu swali.

Shangazi

24 Aprili

Shangazi, shangazi, shangazi!

Shikamoo, baba mzima, mama mkwe mzima, wote wazima, na mimi ndiye mzima kuliko wote! Rafiki yangu leo amekufa. Namzika kwenye mstari huu. Ni mimi.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliisikia ile sentensi ya kufungiwa nje ikinipiga kifuani. Mume wangu alikuwa ngazini palepale. Nikafungua mlango nikasema, "Njoo ndani, nina jambo." Akaingia polepole kama mtu anayeitwa na polisi. Nikamweleza yote. Shangazi, alikaa kitandani akafuta uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Nilidhani umenichoka." Umenichoka! Mimi ninayesalimiana na msumari wake! Tulicheka, tukalia, tukacheka tena, jirani akagonga ukuta.

Kesho yake tukaenda zahanati pamoja. Nesi wetu ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Akauliza yale yale uliyoyauliza wewe, na alipofika kwenye swali la tatu nikamtazama mume wangu, naye akanitazama mimi. Basi nakujibu na wewe sasa. Ndiyo, nameza vidonge vya uzazi wa mpango. Tulikubaliana mtoto aje nikishapata cheti. Sikukwambia kwa sababu siku ya harusi ulinong'ona kwamba una hamu ya mjukuu, na nilishindwa kukuvunja moyo.

Nesi akasema, "Unavimeza vipi?"

"Mume akiwepo."

"Na asipokuwepo?"

"Navihifadhi. Nimeze vya nini, na mume yuko juu ya mnara?"

Akaweka kalamu chini. Shangazi, alicheka hadi miwani ikaruka. "Binti yangu," akasema, "kidonge si cha mume, ni cha mwili wako. Mwili haujui nani yuko safarini." Akanieleza kwamba vile vidonge humezwa kila siku, mume awepo asiwepo. Ukivikata katikati, kizazi kinaona kimeambiwa kisafishe nyumba, damu inashuka. Kumbe kila alipofunga begi lake, mimi nilikuwa naacha, na siku chache baadaye damu hiyo! Akirudi naanza tena, akiondoka nakata tena. Nilikuwa najiletea hedhi kwa ratiba ya kampuni ya minara! Na mbaya zaidi, wala kinga yenyewe sikuwa nayo. Ni bahati tu.

Mume wangu akasema, "Mimi ningekuwa nafunga mkanda siku ninayohisi nitaanguka tu, ungeshakuwa mjane." Nesi akampenda papo hapo. Nikamwambia huyu ana mwenyewe.

Hata hivyo hakuniachia hapo. Alinipima tena mimba, akachukua damu kuangalia kama imepungua na kama tezi iko sawa, nikapigwa picha ya tumbo kwa ile mashine ya mafuta baridi. Kizazi safi, shangazi. Safi! Nimeambiwa nimeze kila siku bila kuruka, na ikiendelea kuvurugika baada ya miezi michache nirudi, maana mtu anaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Tangu hapo nameza asubuhi nikishapiga mswaki, na mume wangu akiwa safarini ananitumia ujumbe wa neno moja: "Mkanda?" Nami najibu: "Umefungwa."

Sasa kaa chini, nageuza sauti.

Nilimuuliza nesi habari za mwenzako. Alivua miwani. Alisema mwanamke aliyekoma hedhi mwaka na zaidi, kisha akaona damu, hata tone, asiite hilo ujana. Mara nyingi sababu ni ndogo na inatibika. Lakini ipo pia isiyosubiri, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Lazima apimwe, na apimwe mapema.

Shangazi, uliwahi kuniambia kwamba katika wapishi wenzako anayekufuata kwa umri bado ananyonyesha. Huyo mwenzako aliyekauka miaka mingi ni nani?

Mimi nimejibu la kwangu. Jibu na wewe.

Cheche

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka hadi wapishi wakaja kuchungulia. Hiyo ya kuvihifadhi sitaisahau. Mjukuu atakuja akiitwa. Mimi sina haraka, na usinifiche kitu tena kwa sababu ya hamu zangu. Mwambie mkwe nimempa alama zote.

Huku panya wameingia stoo. Mkuu wa shule ameleta paka, paka amenenepa kwa unga, panya wapo. Bati la jiko limezibwa upande mmoja, sasa linavuja upande mwingine. Wanafunzi wamegoma kula siku moja kwa sababu ya mawe kwenye maharage, wakala siku ya pili kwa sababu ya njaa.

Mwenzangu ni mtu mzima, anajijua. Akiitwa mgonjwa ataambiwa apumzike, na akipumzika mwiko wake atashikishwa mtu mwingine. Amesema yatapita.

Barua ni fupi, naandika nimekaa juu ya gunia. Siku hizi nakaa.

Shangazi

27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za jiwe wala za msumari.

Nimesoma "siku hizi nakaa" mara tatu. Wewe hujawahi kukaa. Mama alipofariki ulisimama, nilipofeli kidato cha pili ulisimama, siku ya harusi yangu ulisimama tangu asubuhi hadi viti vinakusanywa. Ulinilea ukiwa umesimama. Halafu unaniandikia panya.

Mimi nilijificha nyuma ya rafiki, ukanisukuma kwa barua mbili hadi nikafungua mlango. Nashukuru. Sasa mimi nasukuma. Mwiko hautoki mkononi kwa kupimwa, shangazi. Unatoka mkononi mtu akianguka ndani ya sufuria.

Ningekuja mwenyewe, lakini nikikosa karakana wiki hii sifanyi mtihani, na najua ungenifukuza na mwiko huo huo. Kwa bahati kampuni inawatuma mafundi kwenu, mnara unajengwa nyuma ya shule. Mume wangu anakuja. Nimempa agizo moja. Hajui zaidi ya hilo, kwa hiyo usione haya, mkwe wako ana adabu.

Tafadhali. Sijawahi kukuomba kitu ukakataa.

Mwanao

12 Juni

Cheche,

Marahaba. Mkwe wangu alikuja.

Tulikuwa tunapakua. Akasimama mlangoni mwa jiko, mkanda begani, kofia mkononi, jiko zima likamgeukia. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Umepotea njia? Mnara uko kule."

"Sijapotea, mama. Nimeagizwa nikufikishe hospitali, mlango wa akina mama. Sijaambiwa kwa nini, na sitauliza."

"Na nikikataa?"

"Nimeambiwa nisubiri hapa hadi ukubali." Akatazama masufuria. "Nimeona chakula kipo."

Wapishi waliangua kicheko, mmoja akamvutia benchi. Mwanangu, mimi nimefukuza wakaguzi wa shule kutoka kwenye lile jiko. Huyu nilishindwa kumfukuza. Nikavua aproni.

Kwenye gari aliimba. Uliniambia anaimba vibaya, hukuniambia kiasi gani. Nilisahau kuogopa kwa sababu nilikuwa nangoja anyamaze. Hospitalini alikaa kwenye benchi akageukia ukuta, palipobandikwa picha ya namna ya kupiga mswaki. Niliingia, nikapimwa, nikatoka, bado anasoma meno. Hakuuliza. Alisema tu, "Tukanunue maji ya kunywa, mama?"

Daktari ni msichana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alisema mwenzangu ana kinyama kimeota ndani ya kizazi, kinaning'inia kama ulimi wa kengele, na ndicho kilichokuwa kinavuja. Damu yake imepungua sana, ndiyo sababu ya kizunguzungu. Wakampa dawa za kuongeza damu. Wiki iliyofuata mkwe akanirudisha, kikatolewa, na kimepelekwa maabara kuangaliwa kama kina ubaya. Majibu bado.

Hapo ndipo tulipo. Mwenzangu anaamka, anapika, anakwenda mlangoni kuona kama karani ana bahasha. Hajasema neno jikoni. Usiku halali vizuri. Mchana anakaripia watu.

Wewe shika mashine yako. Usilete machozi kwenye cheche, umeme utakurusha.

Shangazi

8 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua majibu hayajafika, maana yangefika ningesikia kelele zako bila mnara. Tunangoja pamoja. Mume wangu amerudi na hajaniambia chochote, anasema hajui chochote isipokuwa meno hupigwa mswaki kwa kuzungusha. Nilimkumbatia mbele ya baba. Baba akasema "hm" mara mbili.

Nikupe moja la kukuchekesha. Mume wangu alimweleza mama yake kwamba mtoto atakuja baada ya cheti, aache kunitazama tumbo. Mama mkwe akashangaa. "Tumbo gani? Mimi natazama kifungo! Kila nikija, kifungo cha katikati cha ovaroli kimekatika, naona haya kumwambia." Akachukua sindano, akakishona hapo hapo nikiwa nimeivaa. Nusu mwaka, shangazi, nimekuwa nikikikimbia kifungo!

Na sasa lile kubwa. Nimefanya mtihani. Siku zangu zilikuja wiki iliyotangulia kwa utaratibu wake, zikaenda zake kama mgeni mstaarabu. Nilisimama mbele ya wasimamizi bila koti kiunoni. Tuliruhusiwa kuchagua kitu cha kutengeneza. Wanaume walitengeneza madirisha na mageti. Mimi nimetengeneza stuli ndefu ya chuma, ya kimo cha sufuria yako, yenye mahali pa kuegemeza mgongo na pa kukanyaga miguu. Msimamizi akauliza, "Hii ya nani, mbona ndefu hivi?" Nikamwambia ni ya mtu ambaye hajawahi kukaa. Akapanda juu yake, akaruka ruka na unene wake wote. Haikutikisika. Nimefaulu, shangazi! Wa kwanza darasani!

Stuli inakuja kwa gari la mafundi. Majibu yakiwa mazuri, kaa juu yake. Yakiwa mengine, kaa vilevile, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako. Cheti ninacho sasa, hakuna wa kunizuia kuja.

Cheche, fundi

30 Julai

Mwanangu, fundi Cheche,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Hakina ubaya. Nakuandikia hilo kwanza, salamu zitafuata. Daktari yule msichana alinisomea, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia aniandikie, akaandika. Ni kinyama tu. Kimetoka, na kizazi kilichobaki ni safi. Nitarudi kuangaliwa, na nikiona hata tone nisiwaulize wapishi, niende. Damu inapanda. Jana nilibeba sufuria ndogo peke yangu, wakanipigia kelele.

Salamu sasa. Mguu mzima, paka mnene, panya wapo. Mnara umesimama, mtandao unafika hadi jikoni, lakini nitaendelea kuandika. Simu hulia mbele za watu. Mkwe alirudi huku na gari la mafundi, na nilipotoka na majibu nilimkuta kwenye benchi, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alivaa kofia, akaivua, akaenda nje. Nikamsikia anaimba kwenye maegesho, na mwanangu, siku hiyo hakuimba vibaya.

Stuli imefika. Niliizunguka kwanza. Mistari yako niliipapasa kwa kidole, haina hata kipele. Nikaiweka mbele ya jiko kubwa, nikapanda, nikaegemea. Wapishi wote wakaacha kazi, maana hawajawahi kuniona nimekaa wakati wa kupika. Mmoja akasema, "Mkuu wa jiko, ujana umerudi tena?"

Hapo nikawaambia. Sikusema mwenzangu. Nilisema mimi. Mimi nilitokwa damu kwa miezi mitano baada ya kukoma miaka mingi, mimi nilificha, mimi nilidanganywa na utani wenu nikaupenda, mimi nilikaribia kuanguka ndani ya chakula cha wanafunzi. Na mimi nimetibiwa, na mwiko huu hapa. Nikaunyanyua. Walipiga makofi hadi mkuu wa shule akaja kuuliza nani amezaliwa.

Jioni tulipokuwa tunafunga, mmoja wao alibaki nyuma akisugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Ni yule aliyekuwa wa kwanza kuniita bi harusi. Akasugua, akasugua, kisha akasema bila kuinua uso, "Mkuu, nina jirani yangu mmoja..."

Nikashuka kwenye stuli, nikaisogeza kwake.

"Kaa," nikamwambia. "Mwambie jirani yako aanze mwanzo."

Shangazi yako,
aliyekaa, akasimama tena